Niliyojifunza nikinakili barua za majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeishi Uingereza. Nilipostaafu nilijitolea katika hifadhi ya nyaraka ya eneo ninaloishi, na huko nikakabidhiwa bunda la barua ambazo askari majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walimwandikia mwanamke raia aliyekuwa akihudumu kwa kujitolea katika hospitali ndogo ya kijijini kwake. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma, kuzinakili neno kwa neno kwenye kompyuta, na kueleza kila barua imetoka kwa nani, lini na wapi. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofanya utafiti, na zaidi kwa wale waliorithi barua za zamani wasijue pa kuanzia, kwa sababu mtu akiiingia kazi hii bila kuelekezwa ni rahisi sana kuwasingizia marehemu mambo ambayo hawakuyasema.

Jambo la kwanza nililolazimika kujifunza ni namna hospitali zenyewe zilivyokuwa zikiendeshwa, kwa kuwa barua nyingi hazieleweki bila hilo. Mwaka 1909, miaka mitano kabla ya vita, Uingereza ilianzisha vikosi vya wahudumu wa kujitolea ambavyo baadaye vilisimamiwa na Msalaba Mwekundu pamoja na Shirika la Mtakatifu Yohana. Vita vilipoanza mwaka 1914, vikosi hivyo vilihamia katika kumbi za vijiji, shule na majumba makubwa ya matajiri, na zaidi ya hospitali saidizi 3,000 zikafunguliwa kote nchini. Majeruhi waliovuka bahari kutoka Ufaransa walipelekwa kwanza katika hospitali kubwa za kijeshi, kisha wale waliokuwa wakipata nafuu wakahamishiwa hospitali hizi ndogo ili kuachia vitanda. Walivaa suti za buluu za hospitali, shati jeupe na tai nyekundu, hata mtu akiwaona barabarani akajua mara moja kwamba ni wagonjwa wa vita. Wanawake waliowahudumia wengi hawakuwa wauguzi waliosomea. Walikuwa mabinti na wake wa wenyeji waliopata mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza, na walipika, walifua, walipiga deki, walibadilisha mashuka, na waliandika barua.

Mwanamke wa bunda langu alianzia jikoni. Nimelijua hilo kutokana na kadi yake ya utumishi, kwa maana Msalaba Mwekundu wa Uingereza uliweka kadi za wahudumu wote wa kujitolea wa vita vile kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina bila malipo. Kadi huonyesha tarehe ya kuanza na kumaliza, aina ya kazi, na mara nyingine idadi ya saa. Anayeanza kazi kama hii atafute kadi kabla hajasoma barua hata moja. Mimi niliipata kwanza, na ikanisaidia kutambua kwamba askari walioandika mwanzoni mwa mwaka 1916 walimfahamu kama mtu wa jikoni aliyewaletea chai na mkate, ilhali wale wa baadaye walimfahamu kama mtu wa wodini aliyekaa kando ya kitanda chao.

Ugumu uliofuata ulikuwa mwandiko. Askari wengi waliandika kwa penseli ya zambarau ambayo ni kavu ukiishika lakini hugeuka wino ikiguswa na maji, na walikuwa na mazoea ya kuilowesha ncha kwa ulimi. Maandishi yake yamefifia mahali pakavu na yamekolea pale ulimi ulipopita, kwa hiyo sentensi moja inaweza kuanza kwa rangi nzito na kumalizika kwa kivuli tu. Usijaribu kuilainisha karatasi hiyo kwa unyevu wa aina yoyote, wala usiishike kwa mikono yenye jasho, kwa sababu herufi zitayeyuka na hazitarudi. Kilichonisaidia ni taa ndogo iliyowekwa ubavuni, karibu kulingana na meza, ambayo mwanga wake ulifanya mikandamizo ya penseli ionekane hata pale rangi ilipokwisha kabisa. Pia nilijizoeza kunakili makosa ya tahajia kama yalivyo. Askari aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mbili aliandika jinsi alivyosikia, na ukimsahihisha unaiondoa sauti yake, ambayo huenda ndiyo alama pekee iliyobaki ya mahali alikozaliwa.

Lakini swali ambalo ningependa kila mtu ajiulize kabla ya yote ni hili: nani alishika kalamu? Katika bunda langu kuna askari mmoja ambaye barua zake mbili za kwanza zina mwandiko wa duara, ulionyooka na safi, na za baadaye zina mwandiko uliopinda, wenye herufi kubwa zisizolingana. Mtu asiyejua angedhani ni watu wawili, au angedhani kwamba alianza akiwa mzima akaendelea kudhoofika. Ukweli ni kinyume chake. Zile safi ziliandikwa na mhudumu mwingine katika hospitali aliyohamishiwa, yeye akitamka tu kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na zile mbovu alikuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hiyo iliyopinda ndiyo habari njema. Na kuna tofauti nyingine kubwa kuliko ya mwandiko: alipokuwa akitamka mbele ya mwanamke mgeni alishukuru kwa adabu na kusema hali yake ni nzuri, na alipoweza kuandika mwenyewe ndipo alipoeleza kwamba hapati usingizi na kwamba vidole vya mguu uliokatwa vinamwuma. Nimewahudumia wagonjwa waliokatwa viungo, ninajua maumivu hayo ya kiungo kisichokuwepo, na ninajua kwamba wengi huona haya kuyataja kwa kuogopa kuonekana wamerukwa na akili. Huyu alimtajia mpishi wa zamani wa hospitali ya kijijini. Pengine alichagua kumweleza yeye kwa sababu hakuwa daktari, wala hakuwa mama yake.

Uuguzi ulinisaidia pia kuielewa barua moja ambayo wenzangu katika hifadhi walikuwa wameiweka kando kuwa haisomeki. Mistari yake yote inapanda kwenda juu upande wa kulia, herufi ni nyembamba, na kila baada ya mistari michache pana pengo ambapo mwandiko unaanza upya kwa nguvu tofauti. Mwandishi alikuwa amevunjika mfupa wa paja. Mwanzoni mwa vita wengi wa waliopata jeraha hilo walikufa, na waliopona walilala chali kwa wiki nyingi, mguu ukiwa umenyooshwa kwenye fremu ya chuma na kuning'inizwa kwa kamba na uzito. Mtu aliyelala hivyo huandika akiwa ameinua karatasi juu ya uso wake, na kalamu ya wino haiwezi kuandika kichwa chini, kwa hiyo hana budi kutumia penseli. Yale mapengo nayo yana maelezo: kuanzia mwaka 1915 vidonda vilivyooza vilianza kuoshwa kwa dawa ya klorini iliyotengenezwa na mkemia Henry Dakin na daktari Alexis Carrel, ambayo ilipitishwa ndani ya kidonda kwa mipira midogo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Siwezi kuthibitisha kwamba kila pengo ni saa ya kuoshwa kidonda, na katika maelezo niliyoandika nilisema hivyo waziwazi, ila baada ya kulifahamu hilo niliweza kuisoma barua yote, kwa sababu nilijua mkono ulikuwa wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma zaidi. Katika orodha ya zamani ya hifadhi, bunda hili lilikuwa limeelezwa kwa maneno machache tu: barua za mapenzi za askari kwa mhudumu wa hospitali. Aliyeandika hivyo, miaka mingi iliyopita, bila shaka alifungua barua mbili tatu, akaona maneno ya upole na ahadi ya kumkumbuka daima, akahitimisha. Wasomaji waliofuata waliingia na hitimisho hilo kichwani. Nilipokuwa nikinakili nilijiwekea sharti la kutotaja uhusiano wowote mpaka niwe nimemaliza kila barua ya kila mwandishi kwa mpangilio wa tarehe, na sharti hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko ushauri mwingine wote ulio katika simulizi hii. Ukizisoma zote kwa utaratibu unaona kwamba maneno yale ya kuagia yanarudiwa karibu sawasawa na watu kumi na zaidi, kwa kuwa ndivyo shule na vitabu vya uandishi wa barua vilivyowafundisha watu wa zama zile kumalizia. Unaona pia kwamba wengi wao walitia sahihi kwa jina la ukoo, namba ya kijeshi na jina la kikosi, kama wanaripoti kwa afisa. Wapo walioandika ili kuomba soksi, tumbaku au picha ya wodi, na mmoja aliandika karibu barua zake zote kuhusu bustani ya mboga ya hospitali, akiuliza kama vitunguu alivyovipanda vimeota.

Wawili katika bunda hilo walimpenda, naamini, na mmoja wao alisema. Sikulificha hilo katika maelezo. Lakini wengine walikuwa na haja nyingine ambayo imestahili heshima yake yenyewe: walitaka mtu nje ya jeshi na nje ya familia ambaye angewajua wakiwa hai. Askari aliyepona alirudishwa kambini, kisha kwa kikosi cha akiba, kisha mara nyingi mstari wa mbele tena, na katika kila hatua alikutana na wageni. Kwake hospitali ile ya kijiji ilikuwa mahali pa mwisho alipoitwa kwa jina lake la kwanza.

Ni kweli kwamba uhusiano wa barua kati ya askari na wanawake wasiojuana ulizua maneno mengi wakati ule. Ufaransa mwaka 1915 kulianzishwa mpango wa wanawake kuwa walezi wa askari kwa barua, na nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wale ambao makwao kulikuwa kumetekwa na Wajerumani, hivyo hawakuwa na wa kuwaandikia wala wa kuwatumia kifurushi. Haikupita miezi mingi magazeti ya burudani yakaanza kuchapisha matangazo ya askari wanaotafuta mlezi kijana na mrembo, na wakuu wa jeshi wakaingiwa na hofu ya wapelelezi. Historia hiyo ni ya kweli, lakini ndiyo inayowafanya wasomaji wa leo kutafuta mapenzi katika kila bahasha.

Kitu kingine kinachopotosha ni ukimya. Barua za kutoka mstari wa mbele zilisomwa na afisa wa kikosi kabla ya kutumwa, na askari alijua kwamba mtu anayemwamuru kesho asubuhi ndiye atakayesoma alichomwandikia mwanamke leo usiku. Kulikuwa na bahasha maalumu ya kijani ambayo haikufunguliwa kikosini, ingawa ingeweza kufunguliwa na wakaguzi walio nyuma ya mstari wa mbele, na mwandishi alitia sahihi kuthibitisha kwamba hakuna ndani yake ila mambo binafsi na ya familia. Bahasha hizo zilitolewa kwa uhaba. Basi unapokuta barua fupi, baridi, isiyo na lolote, tazama kwanza bahasha yake kabla hujasema kwamba urafiki ulipoa. Na usitupe wala kupuuza ile kadi ya posta iliyochapishwa sentensi tayari, ambayo askari alikata kwa mstari zisizomhusu na kuacha moja au mbili: niko salama, nimelazwa hospitali, nimejeruhiwa, nimepokea barua yako. Hakuruhusiwa kuongeza neno lolote isipokuwa tarehe na sahihi, vinginevyo kadi iliharibiwa. Mmoja wa waandishi wa bunda langu alimtumia kadi kama hizo mfululizo, na katika kila moja sentensi iliyoachwa ni ile ya kukiri kupokea barua. Kadi hizo zinathibitisha jambo ambalo halipo kwingineko, yaani kwamba mwanamke yule alikuwa akimwandikia bila kukoma.

Hapo ndipo ulipo upungufu mkubwa wa mabunda ya aina hii. Barua za askari zilifika katika nyumba zenye makabati, zikahifadhiwa. Barua za wanawake zilifika katika mahandaki, zikalowa, zikachomwa, zikapotea pamoja na mifuko ya waliozibeba. Kwa hiyo unasoma nusu ya mazungumzo, tena nusu moja tu, na unalazimika kukisia swali kutokana na jibu. Katika bunda langu lote kuna barua tatu tu za mkono wa yule mwanamke, nazo zipo kwa sababu zilirudishwa. Aliyeandikiwa alikuwa ameuawa kabla hazijafika. Juu ya bahasha mtu fulani wa kikosi ameandika kwa penseli kwamba mpokeaji amefariki, akaweka herufi za mwanzo za jina lake na mstari wa kukata anwani. Mbili zilifunguliwa zamani, na nilizinakili. Ya tatu haijafunguliwa hadi leo.

Nilikaa na bahasha hiyo muda mrefu. Ina gundi yake ya awali, stempu ya peni moja yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, na imevimba kidogo katikati kana kwamba ndani mna kitu zaidi ya karatasi, labda picha au ua lililokaushwa. Palikuwa na waliotaka ifunguliwe kwa ajili ya historia, na hoja yao haikuwa dhaifu, kwa kuwa ndani yake mnaweza kuwa na sauti ya mwanamke ambaye tumemsikia kwa vinywa vya wengine tu. Mtaalamu wa kuhifadhi karatasi alishauri iachwe, na mimi nilikubaliana naye. Nasema hivi kwa wale walio na vitu kama hivyo nyumbani: bahasha iliyofungwa ukishaifungua huwezi kuirudisha ilivyokuwa, na uamuzi huo hauna haraka yoyote. Iweke ndani ya karatasi isiyo na asidi, andika kwa penseli katika karatasi ya kando jinsi ulivyoipata, halafu muulize mtaalamu.

Kuwatambua askari wenyewe kulinichukulia muda na pesa kuliko kunakili. Usianze na jina, kwa maana majina ya Waingereza wa zama zile yanafanana mno. Anza na namba ya kijeshi na kikosi. Hata hivyo namba nayo ina mtego wake: askari wa miguu wa jeshi la akiba la majimboni walipewa namba mpya mwanzoni mwa mwaka 1917, hivyo mtu yuleyule anaonekana na namba fupi katika barua ya mwaka 1916 na namba ndefu mwaka uliofuata, na hakuna aliyebadilika. Mtego mkubwa zaidi ni moto. Mwezi Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la jijini London lililotunza faili za askari wa kawaida wa vita vya kwanza, na takribani asilimia 60 ya faili ziliteketea. Zilizookolewa ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, na nyingine zina kingo zilizoungua. Ukikosa faili ya mtu wako usihitimishe kwamba hakuwahi kuwa askari. Tafuta kadi ya medali, ambazo nyingi zimesalia, na tafuta orodha ya wapigakura wasiokuwepo nyumbani ya mwaka 1918, kwa sababu inataja anwani ya nyumbani pamoja na namba na kikosi. Tovuti za nasaba hutoza ada ya kila mwezi, na nililipa kwa muda kabla rafiki hajaniambia kwamba maktaba nyingi za umma hapa huruhusu msomaji kuzitumia bure akiwa ndani ya jengo. Aliyekufa vitani anaweza kutafutwa bila malipo katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917.

Barua nyingine katika bunda hazikutoka kwa askari bali kwa mama zao. Zinauliza. Mwanangu alilazwa kwenu mwezi fulani, akarudi Ufaransa, sasa nimeandikiwa kwamba hajulikani aliko. Je, kuna yeyote wodini kwenu aliyekuwa naye? Mwanzoni niliziona kama barua za majonzi tu, baadaye nikatambua kwamba zilikuwa sehemu ya utaratibu mpana. Msalaba Mwekundu ulikuwa na ofisi ya kuwatafuta waliojeruhiwa na waliopotea, na watu wa kujitolea walipita kitanda kwa kitanda hospitalini wakiwa na orodha ya majina, wakiwauliza majeruhi kama walimwona fulani na lini. Gertrude Bell, ambaye baadaye alijulikana kwa kazi yake Iraki, alifanya kazi katika ofisi ya Boulogne, Ufaransa, tangu Novemba 1914 akipanga faili hizo. Vera Deakin, binti wa Melbourne mwenye umri wa miaka 23, alifungua ofisi ya Waaustralia mjini Kairo mwezi Oktoba 1915, akaihamishia London mwaka uliofuata, na faili zake zipatazo 32,000 zinasomeka leo bila malipo kupitia makumbusho ya vita ya Australia mjini Canberra. Nimezisoma kadhaa. Unakuta ushahidi wa mashuhuda watatu wanaopingana kuhusu kifo cha mtu mmoja, na mwishoni barua kwa familia iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, isiyoficha ukweli na isiyojeruhi pasipo sababu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia ndugu habari za kifo kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba wanawake wale waliifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao sisi tulifundishwa darasani.

Nimeguswa kuliko nilivyotarajia. Nilidhani miaka yangu ya wodini ingenikinga, kumbe ilinifungulia mlango, kwa sababu niliposoma kwamba kidonda kinanuka na mgonjwa anawaomba radhi wenzake niliijua ile harufu. Nikaanza kuota. Nilipunguza muda wa kusoma, nikaacha kubeba nakala nyumbani, na nikapanga kwamba kila baada ya barua nzito ninafanya kazi kavu ya kuhakiki tarehe na mihuri ya posta. Yeyote anayefanya kazi hii awe na mtu wa kuzungumza naye, na hifadhi zinazotumia watu wa kujitolea zinapaswa kuwaandalia nafasi hiyo badala ya kudhani kwamba karatasi haziumizi.

Mara nyingi niliulizwa na ndugu zangu wa nyumbani kama zipo barua kama hizi za askari wetu. Tanga ilipigwa mapema Novemba 1914, na makaburi ya vita yale yapo hadi leo mjini. Jibu langu ni la huzuni. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa migongoni mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, lakini wengi walichukuliwa kutoka jamii ambazo hazikuwa zimefikiwa na shule, na hakuna hospitali ya kijiji iliyowavisha suti ya buluu wala kuwakalisha karibu na mtu mwenye kalamu. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita vile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina kabisa au hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Kwa hiyo aliye na barua, kadi, kipande cha beji au simulizi ya babu aliyekuwa mpagazi au askari wa wakati ule, aiandike na kuirekodi sasa, pamoja na jina la mzungumzaji na mahali, kwa kuwa kwetu hakuna kabati la mtu mwingine litakalotusaidia.

Limebaki suala la haki. Mwenye karatasi si mwenye maneno. Kwa sheria ya Uingereza, barua ambazo hazijawahi kuchapishwa za watu waliokufa zamani zinalindwa na hakimiliki hadi mwisho wa mwaka 2039, na hakimiliki hiyo ni ya warithi wa mwandishi, hata kama barua yenyewe ilihifadhiwa na familia ya aliyeandikiwa. Hivyo hifadhi iliniruhusu kunakili kwa ajili ya wasomaji wake, ila kabla ya kuziweka barua kwenye mtandao ilibidi tuwatafute warithi kadiri tulivyoweza na kutunza kumbukumbu ya kila jitihada. Wengi hatukuwapata. Tuliowapata walijibu kwa namna mbalimbali: mmoja alikataa kata kata, na barua za babu yake hazikuwekwa, mwingine alikuwa hajui kwamba babu yake alikatwa mguu, kwa sababu mzee alifariki kabla hajazaliwa na picha zote za nyumbani zilimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu.

Huyo wa pili alikuja kuziona barua kwa macho yake. Aliniomba nimsomee zile za mwandiko mbovu, nami nikamsomea, kisha akaniuliza kama yule mwanamke alikuwa mpenzi wa babu yake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosoma katika orodha. Nilimweleza kwamba katika barua zote alizoacha babu yake sikuona hilo, nikamwonyesha mahali alipotaja maumivu ya vidole, na mahali alipomshukuru kwa kumjibu bila kumwonea huruma. Wiki chache baadaye maelezo ya bunda yalibadilishwa. Sasa yanataja idadi ya waandishi, miaka, hospitali walizopitia, aina za majeraha, barua zilizoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, na zile tatu zilizorudi, moja ikiwa bado imefungwa.